Tone la Kila Mwezi

Nilifanya kazi miaka ishirini na sita na mtu ambaye hakuniruhusu kuandika neno "uzee" kwenye kadi ya gari. Mimi nilikuwa karani wa spea katika karakana ya serikali, yeye fundi wa gia boksi. Kila gari lililoingia lilikuwa na kadi yake: limekuja lini, limetembea kilomita ngapi, limeumwa nini, limetibiwa na nani. Sehemu ya sababu ya ubovu haikuachwa tupu. Fundi mmoja mvivu aliwahi kuijaza kwa neno hilo moja. Yule mwenzangu akamfungulisha gia boksi nzima upya, akampangisha sahani za klachi juu ya gunia, moja moja, kisha akamwambia amwonyeshe uzee uko kwenye ipi.

"Gari halifi kwa uzee," alisema. "Linakufa kwa kitu ambacho mtu hakukitazama."

Tulimwita Tone. Jina lilitokana na mazoea yake ya tarehe moja. Kila tarehe moja ya mwezi aliwasha gari, akaliacha lipate moto, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi na kudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Aliandika tarehe na kilomita, akaitundika msumarini. Kesho yake aliisoma. Tone zima hutanuka taratibu, kingo zake laini, rangi ya waridi. Lililochoka huwa kahawia. Lililoungua huacha doa jeusi katikati lisilotaka kusogea, nalo hunuka kama mkate uliosahauliwa motoni. Kwa karatasi hizo alijua gari litakalogoma miezi mitatu kabla dereva wake hajahisi chochote.

Karakana ilifungwa. Magari yakauzwa kwa mnada, kadi zikachomwa nyuma ya stoo. Ziliungua siku mbili, nami nikasimama kuzitazama kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Mahali pake leo kuna gereji zenye vigae sakafuni na makochi ya wateja, ambako fundi hagusi gari mpaka achomeke kompyuta, na kompyuta ikinyamaza naye hana la kusema. Watu wanaziita maendeleo. Sijui wanaendelea kwenda wapi.

Siku ya mnada Tone alinunua gari moja, lile kubwa la kupanda milima, gia otomatiki, lililokuwa limeshatembea kilomita laki moja na themanini elfu. Miaka kumi na saba baadaye lilikuwa na laki nne na kumi na mbili elfu, kwa gia boksi ileile, haijafunguliwa hata mara moja. Watu walidhani ana dawa. Hakuwa na dawa, alikuwa na adabu. Hakuhamisha gia kutoka nyuma kwenda mbele kabla gurudumu halijasimama kabisa. Mlimani hakuliachia gari lichague lenyewe. Aliweka gia ya pili akapanda polepole. Na oili hakuibadilisha yote kwa mkupuo. Kila miezi sita alifungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi, akatoa lita tatu, akarudisha tatu mpya, zilizobaki akaziacha zilivyo.

Hili la mwisho ndilo lililowashinda watu kuelewa, kwa hiyo nitalieleza. Gia boksi iliyotembea sana sahani zake zimelainika. Unga uliolika kutoka kwenye sahani hizo umo ndani ya oili, unaelea, na ndio unaozisaidia kushikana. Ukiuondoa wote siku moja, sahani zinateleza. Tena oili mpya ina nguvu ya kubandua uchafu wa miaka na kuusukuma kwenye vijia vyembamba ambako hautoki. Nimesoma vitabu vinavyobisha habari hii, kwa kamusi mkononi, ukurasa mmoja kwa wiki. Tone hakubishana na vitabu. Alinionyesha karatasi zake.

Mkewe alikuwa akilicheka gari hilo. Akimwona mumewe yuko uvunguni alisimama mlangoni na kuuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje leo?" Tone alijibu kutoka chini kwamba ameamka salama, ila analalamika kuwa bibi mkubwa anabamiza milango. Walikuwa na utani huo mpaka figo za mama huyo zilipokufa.

Kuanzia hapo gari likapata kazi moja. Jumatatu na Alhamisi, saa moja kamili asubuhi, mama alitakiwa awe kwenye kiti chake hospitalini, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Hospitali iko juu, mjini, kilomita thelathini na moja kutoka kwetu, na katikati kuna mlima wa machimbo wenye kona saba. Magari ya abiria huondoka yakijaa, na mama alikuwa hawezi tena kubanwa hivyo. Ukichelewa saa nzima, kiti anapewa aliye kwenye foleni, na foleni haikuwahi kuisha. Kukosa mara moja ni hatari, kukosa mara mbili sina haja ya kusema. Miaka mitatu hawakukosa hata siku moja. Zamani karakana ingetoa gari kwa mke wa fundi wake bila kuombwa. Sasa kila mtu na lake.

Mwezi mmoja Tone alishikwa na mgongo, akalala siku tano bila kuweza kujigeuza. Binti yao alimtuma mumewe kutoka wanakofanya kazi, mbali, aje asaidie. Sina la kumsema vibaya yule kijana. Alimbeba mkwewe kama mtoto, alifua, alipika. Ijumaa akachukua gari, akasema analipeleka kuoshwa, akarudi nalo jioni linang'aa. Jumatatu alimpeleka mama hospitali na kumrudisha salama. Jumanne akapanda basi kurudi kazini.

Jumatano ilikuwa tarehe moja. Tone aliinuka kwa kushika ukuta. Aliwasha gari, akasubiri, akachomoa kijiti, nami nikamshikia karatasi. Tone lilidondoka jekundu, limeiva, kama limetoka dukani asubuhi ile.

Alifuta kijiti, akakirudisha, akakitoa tena, likadondoka jekundu vilevile. Akapanda, akakanyaga breki, akaweka gia ya mbele. Nilihesabu moja, mbili, ndipo gari likashika kwa kishindo. Wiki iliyotangulia lilikuwa linashika papo hapo.

Tulimpigia mkwe simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyegunduliwa amefanya jambo jema kwa siri.

"Nilitaka uone mwenyewe, baba. Gereji kubwa ile ya barabarani, wana mashine inayonyonya oili yote na kusukuma mpya. Ilitoka nyeusi, baba, utadhani lami. Nikasema, kama mama mwenyewe damu yake inasafishwa yote na mashine na anarudi na nguvu, gari nalo lisafishwe."

"Ahsante, mwanangu," Tone akasema, akakata simu.

Tukaenda gereji mchana uleule, yeye akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Hapo ndipo nilipomwona akijishusha kuliko siku zote nilizomjua. Alimwendea msimamizi, kijana aliyevaa ovaroli safi isiyo na hata doa, akamwomba amrudishie oili yake chafu.

Yule akadhani hakusikia vizuri. Tone akarudia: ile iliyotolewa Ijumaa, lita tisa au kumi, kama bado ipo. Ataichuja mwenyewe kwa kitambaa, atakuja na debe lake.

"Mzee, unaitaka ya nini? Unataka kukaangia?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema wazee hawa hata uchafu wao hawataki kuuacha. Tone naye akatabasamu kidogo, kwa sababu alikuwa anaomba, na mwombaji hucheka utani wa anayeombwa. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka nyuma, akamwonyesha pipa. Oili zote humwagwa humo, za injini, za difu, za gia boksi, pamoja. Tone akachovya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. Akakifuta kwenye suruali yake.

"Siyo," akaniambia. "Hapa hamna kitu cha kwetu."

Tulitafuta usafiri wa kesho yake. Jirani mwenye pikapu alikuwa amepeleka mzigo upande wa pili, harudi mpaka Jumamosi. Dereva wa teksi wa mjini alikubali kushuka kutuchukua alfajiri. Alfajiri simu yake ilikuwa imezimwa. Saa kumi na moja na nusu tukampandisha mama mbele, mimi nikakaa nyuma, tukaondoka na lile gari.

Mama aliona nyuso zetu. Akauliza mke mwenzake ana nini. Tone akasema ana kiburi cha nguo mpya.

Tambarare tulikwenda vizuri. Kona ya kwanza tukapanda. Kona ya pili injini ikapiga kelele, na gari halikwenda. Akaweka ya pili, akaweka ya kwanza, injini inanguruma, gurudumu limetulia. Alizima, tukasubiri lipoe. Akawasha, likasogea hatua kumi, likaacha. Hakutukana wala hakupiga usukani. Alikaa akifikiri kama alivyokuwa akifikiri mbele ya benchi la kazi, kisha akaniambia nishuke.

"Gia ya nyuma ina sahani zake peke yake," akasema. "Hizo hazijachoka sana. Karani, nenda nyuma unionyeshe njia."

Akaligeuza gari kwa kuliachia litelemke kidogo kidogo, mpaka mkia ukaelekea juu. Nikashika kitambaa cheupe, nikatembea mbele ya mkia wake nikipunga kushoto, kulia, naye, na mgongo ule, amejipinda kutazama nyuma. Hivyo ndivyo tulivyopanda mlima wa machimbo, kinyumenyume, mwendo wa mtu anayetembea. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mama alikuwa ameelekea bondeni, tulikotoka. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia akisema kwa utulivu:

"Sijawahi kuiona nyumba yetu kutoka huku. Miaka yote nilikuwa naipa kisogo."

Kona ya tatu tukaipita. Ya nne tukaipita. Nilianza kuamini. Kwenye ya tano nilisikia harufu ya mkate uliosahauliwa motoni, na gari likasimama, injini ikizunguka bure. Tone akavuta breki ya mkono. Nilitafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

Lori la kokoto lilitufikia baada ya dakika arobaini. Mbele kulikuwa na nafasi ya watu wawili. Nilibaki na gari, kwa hiyo ya hospitalini nayasema kama Tone alivyonisimulia.

Walifika saa tatu kasoro robo. Kiti kilikuwa na mtu. Muuguzi aliwafahamu, akahangaika, akawaambia wasubiri kitakachoachwa mchana. Mchana mashine moja ikaharibika, wa asubuhi wakasogezwa mchana, wa mchana jioni. Wakaambiwa kesho, wa kwanza kabisa. Mama alikuwa anapumua kwa shida. Alilala kwenye benchi la korido, kichwa kwenye paja la mumewe, akamwuliza kama gari liliachwa mahali salama. Akamjibu kwamba Karani yupo nalo. Mama hakufika kesho.

Msibani mkwe alilia kuliko watoto. Alikuwa akirudia maneno yaleyale kwa kila aliyeingia, kwamba gari alikuwa ametoka tu kulifanyia sevisi, sevisi ya nguvu, hakutaka mama apate shida njiani. Binti alikaa kando yake, amemshika mkono. Siku ya tatu, watu walipopungua, mkwe akaja kukaa mbele yetu kwenye mkeka.

"Baba, gari lilikuwa na nini?"

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga tangu kona ya tano, nikiwa peke yangu kando ya barabara na harufu ile. Nilitaka ayabebe. Nilifungua mdomo, na Tone akaweka mkono wake juu ya goti langu, akaubana.

"Uzee, mwanangu," akasema. "Lilikuwa limezeeka tu."

Kijana akainamisha kichwa. Binti akapumua.

Walipoondoka, Tone alinipeleka kibandani kwake. Karatasi zilikuwa zimetungwa kwenye waya, mia mbili na nne, kutoka waridi kwenda kahawia, mwezi baada ya mwezi, na ya mwisho nyekundu. Akaing'oa hiyo, akaiweka mezani, akanipa kalamu. Akasema kwamba kadi zote niliandika mimi, na hii niifunge mimi. Nikaandika tarehe. Nikaandika kilomita. Nilipofika kwenye sababu nikamtazama.

"Andika nilivyosema," akaniambia. "Watoto wakija siku moja waikute hivyo."

Nikaandika neno lile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Aliichukua karatasi, akaisogeza dirishani apate mwanga.

"Mwandiko ni wako uleule, Karani," akasema, akaitundika mwisho wa waya.