Ngozi Aliyoitaka Daktari

Laki tisa na elfu sitini na tano, bajaji za kwenda na kurudi zikiwemo. Nimehesabu mara mbili. Ndiyo bei ya mwanangu kukojoa amesimama, na sijutii hata mia.

Alizaliwa tundu la mkojo likiwa chini badala ya nchani, na ngozi ya mbele imefunika upande wa juu tu. Mama yangu, siku ya kwanza kumwogesha, akatabasamu. "Huyu katahiriwa na malaika." Kwetu hiyo ni sifa. Majirani wakaja kutazama, mie nikavimba kichwa.

Alipofika miaka miwili mkojo ukawa unamwagikia miguuni. Tukampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko nilivyotarajia, akasema inatengenezeka. "Ila asitahiriwe kwanza. Ngozi hiyo ndiyo nitakayoshonea njia mpya."

Mie nauza vitambaa Temeke. Hapo nilimwelewa upesi. Nikauliza kama inatosha.

"Inatosha, mkiiacha."

Nilikosea kitu kimoja: sikumwambia mama. Wiki mbili kabla ya operesheni narudi nyumbani, nakuta ngariba kakaa ukumbini. Mama kamwita atahiri wajukuu wengine wawili, na kwa huyu wangu amalizie palipobaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu wako kazi ndogo, nipe nusu bei."

Sijawahi kukataa punguzo maishani. "Mzee, nakulipa bei nzima. Usimguse."

Mama akanitazama. "Unamlipa mtu asifanye kazi? Wewe, unayegombania bei ya mchicha?"

"Mama, daktari atamshonea njia ya mkojo kwa ngozi hiyohiyo. Ikikatwa leo, atashonea nini?"

Ngariba ndiye aliyejibu, akivuta mkoba wake. "Mama, nipe wale wawili. Huyu ana fundi wake." Hela yangu hakuigusa.

Operesheni ilichukua saa mbili na dakika kumi. Nilikuwa na saa ya mkononi na ya simu. Alilazwa kwa nusu kaputi, akatoka na mpira wa mkojo, tukaishi nao siku saba. Ulipotolewa alilia, akaogopa kukojoa hadi mchana. Halafu akasimama uani, akaupeleka mkojo mbele, umenyooka, mpaka kwenye ndoo ya jirani.

"Baba yake atanunua ndoo nyingine," jirani akasema.

Nilinunua bila kuuliza bei. Mama alikuwa mlangoni, anafuta macho kwa upande wa kanga. "Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "hebu tena."

Sasa kuna mteja wangu, kijana wa Chang'ombe, mtoto wake kazaliwa vilevile. Mama mkwe wake keshaongea na ngariba, na kijana anaona haya hata kulitaja jambo lenyewe mbele yake. Mie nilikuwa nasema na mama yangu mzazi. Nyie mliowahi kumkatalia mama mkwe na bado mkala kwake, nishaurini: aanzeje?