Nilivyomnyima Mrushaji Wetu Pointi Yake

Jamani, kama kuna mtu kati yenu alikuwa uwanjani Jumamosi ile, au aliiona ile klipu iliyozunguka kwenye simu za watu, yule baba mnene mwenye kitenge cha manjano chenye majogoo ni mimi. Nakubali mwenyewe kabla hamjaniuliza, maana nimechoka kusema ni mtu tunayefanana naye.

Nianze na hasira zangu, kwa sababu bila hizo hamtanielewa. Mimi mtu wa Tabora, nimekulia kwenye mpira wa miguu, nilikuwa golikipa wa mtaa wetu (mzuri tu, msicheke), na hii besiboli ya Wamarekani niliidharau mpaka binti yangu Zawadi alipoanza kukua, akawa ananijibu neno mojamoja, mlango wa chumba unafungwa, na nikagundua kwamba kitu pekee kinachomtoa humo ni timu ya jiji letu ikiwa kwenye runinga. Basi nikakaa naye, nikajifunza, nikanogewa, hasa na mrushaji mmoja kijana, mrefu, ambaye Zawadi anampenda kuliko wote, anayerusha mpira kwa namna ambayo wapigaji wa upande wa pili wanapunga gongo hewani kama wanafukuza nzi. Sasa sikilizeni uchungu wake: kazi ya mrushaji ni kuwazuia wageni wasipate pointi, lakini pointi za kwetu lazima zitafutwe na wapigaji wetu, na wapigaji wetu, kila ikifika zamu yake, wanalala! Wenzake wakirusha ovyo wanaletewa pointi za kumwaga, yeye akirusha vizuri haletewi hata moja, anafungwa moja bila, anaondoka kichwa chini, na mimi na Zawadi tunapiga kelele sebuleni kwetu hapa Rockville, Marekani, mpaka jirani anagonga ukuta. Nitawaambia ukweli, nilizipenda zile hasira, kwa sababu zilikuwa zetu wawili na hatukuwa na kitu kingine cha kuzungumza.

Sasa kila kiangazi sisi wa jumuiya, Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache, tunafanya matembezi ya familia, na kila mwaka ni yaleyale, nyama choma bustanini, muziki, watoto wanakimbizana. Mwaka huu nikasimama kikaoni nikasema twendeni besiboli tukamtie moyo kijana, na nikaitetea hoja yangu kama mbunge. Mwenyekiti wetu, Mama Ciku, muuguzi kutoka Nyeri, mtu asiyependa mchezo, akanitazama akasema, "Sawa, lakini tukiboeka huko, ni wewe tutakula." Halafu akatangaza kwamba lazima tuvae sare. Mnatujua sisi na sare, harusi sare, msiba sare, kwa hiyo na besiboli sare, na ndivyo kilivyoagizwa kile kitenge cha majogoo, kiasi kwamba hata rubani angepita juu angetuona.

Tukajaza safu za mbele upande wa kushoto, pale ambapo ukuta ni wa kufika kiunoni tu na mstari wa uwanja unapita karibu kabisa. Nikageuka mwalimu. Nikawaeleza kwamba mpira ukitua nje ya mstari ukaja kwetu, daka, ni wako, unaenda nao nyumbani, lakini ukiwa ndani ya mstari usiuguse, mchezo bado unaendelea. Papa Trésor, rafiki yangu wa Lubumbashi, akaniuliza tena, nami nikamjibu kwa majivuno, "Ni rahisi, kaka, wewe angalia mstari." Kisha (hapa ndipo nilipojiharibia) nikamwomba tubadilishane viti, yeye alikuwa amekaa ukutani kabisa, na mimi nilitaka Zawadi anione baba yake nikidaka mpira.

Na kijana siku hiyo alikuwa moto! Raundi baada ya raundi wageni wanakuja, wanapunga, wanarudi kukaa. Jumuiya nzima imeshaambukizwa, akina mama wanapiga vigelegele, Wazungu wa nyuma yetu wanajaribu kuviiga, Mama Ciku amesahau kuboeka anapiga filimbi. Na wapigaji wetu? Bila. Bila kabisa. Mimi nimesimama natukana kwa Kiswahili mpaka sauti imekauka, "Mleteeni moja tu! Moja!" na Zawadi pembeni anaitikia, "One, please!" na nilikuwa na furaha, jamani, sijui kama mnanielewa.

Raundi ya saba, mwenzetu mmoja yuko kituo cha kwanza, mpigaji wetu akaupiga mpira, paa! Ukaja chini upande wetu, unadunda, unateleza kandokando ya ukuta, mchezaji wao yuko mbali anakimbia, mwenzetu ameshapita kituo cha pili, angefika nyumbani, kituo cha mwisho pale pointi inapohesabiwa, akitembea, ndiyo pointi yenyewe hiyo niliyoilia msimu mzima, na mimi nilikuwa naangalia kila kitu isipokuwa mstari. Golikipa akaamka. Nikapinda juu ya ukuta, nikauzoa kwa mikono miwili, nikaukumbatia kifuani, nikasimama nikaunyanyua juu. "Zawadi, nimeudaka!"

Refa amenyoosha mikono, mchezo umesimama, mwenzetu anaambiwa abaki kituo cha tatu, pointi hakuna. Anayefuata akapunga, akakosa, akakosa, akakosa, raundi imekwisha. Hapo ndipo walipoanza kunizomea, uwanja mzima, na kwenye ile skrini kubwa nikajiona nadaka tena, polepole, tumbo limelala ukutani, na nyuma yangu ukoo mzima wa majogoo. Mama Ciku alijifunika uso na mkoba. "Wewe! Si ni wewe ulituambia tuangalie mstari? Umetuaibisha bana!" Papa Trésor akatikisa kichwa kwa huruma. "Eh, Papa Zawadi, balo ile ilikuwa yabo, ya bachezaji, haikuwa yako." Na yule kijana mrefu mwenyewe akatoa kichwa kwenye kibanda chao akaniangalia, wala hakukasirika, alionekana kama mtu aliyezoea.

Mlinzi akaja, kwa adabu kabisa, akaniambia nimfuate. Sikuwaogopa wale maelfu, nilimwogopa mmoja. Zawadi alikuwa amekaa, kofia imeshuka mpaka puani, na nilijua nimeua kile kitu kimoja kilichobaki kati yetu. Nikamuuliza kama tunaondoka wote. Akatikisa kichwa. "I'm staying," akasema, wala hakuniangalia.

Nikatolewa nje ya geti na kitenge changu. Nimeegemea uzio, nataka kulia, watu wanapita wananinyooshea kidole, mara nikasikia uwanja umelipuka, kelele ambazo sijawahi kuzisikia, na mimi sijui ni nini! Simu ikaita.

"Baba! Baba, wamepata! Mbili! Two runs!"

"Unasema kweli?"

"Yes! Ulivyotoka tu! Sasa sikiliza, usirudi!"

"Hata nikitaka hawanirudishi, mwanangu."

"Good. Kaa hapohapo, usikate simu."

Akanisimulia mpira mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho, anachanganya lugha, anapiga kelele, na kijana akashinda mbili bila, na mimi nacheza peke yangu kando ya barabara na askari wa usalama wananitazama.

Basi nimeapa, ukutani sikai tena, na mpira ukija kwangu, wa ndani au wa nje, mikono yangu iko mfukoni. Ila Zawadi hakuridhika na kiapo hicho. Ikifika zamu ya yule mrefu ananipa koti, ananitoa nje ya nyumba, ananipigia simu kutoka sebuleni. Juzi mvua ilininyeshea pale maegeshoni, tunaongoza moja bila, jirani akapita akaniuliza kama nimefukuzwa na mke. Nikamwambia hapana, ni binti yangu, na bado imebaki raundi moja.