Ndugu Wawili kwenye Ua wa Fundi

Wiki iliyopita nilikuwa nashuka kutoka Nyamirambo kwa miguu, nikakatisha mtaa wa Biryogo kufupisha njia, mara nikasikia sauti ambayo masikio yangu yaliitambua kabla yangu mwenyewe. Miguu midogo inaburuza ardhi, na pumzi fupi fupi za puani, fsh, fsh. Nikachungulia juu ya ukuta. Watoto wawili wa paji moja la uso, glavu zao karibu zishinde vichwa kwa ukubwa, na mama yao amesimama katikati amewatenga kwa mikono. Alikuwa anamwambia mwalimu wao, "Hawa ni ndugu. Watapiganaje hawa?"

Nilitaka niingie niseme neno, nikaona haya, nikaendelea na safari. Lakini wewe rafiki yangu kaa nikusimulie, maana swali kama la yule mama liliwahi kukaa nyumbani kwetu karibu Ramadhani nzima.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Mimi na mdogo wangu tulilelewa na Bibi katika vyumba viwili vya udongo, kwenye kichochoro ambacho asubuhi kilinuka mkaa, tangawizi na sabuni ya kufulia. Bibi aliuza chapati na maharage. Kazi yetu ilikuwa maji. Tulipandisha jerikani kutoka bombani kabla ya shule na baada ya shule, na mabega yetu yakakomaa mapema. Baba alikuwa dereva wa lori. Njia ya Gatuna, mpaka wa kaskazini, ilikuwa imefungwa kwa vita, kwa hiyo mizigo yake yote ilitoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Rusumo, na nyumbani tulimwona kama mgeni. Akija ananuka dizeli na machungwa.

Mwalimu wetu wa ngumi alikuwa fundi cherehani. Mchana alishona barazani pamoja na mafundi wenzake, jioni alitufundisha uani nyuma ya duka. Glavu alizishona mwenyewe kwa ngozi ya viti vya magari mabovu aliyoiokota kwenye magereji ya Gikondo, akazijaza vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi. Ukipigwa nazo ulinusa kanzu mpya. Na jinsi alivyopanga watoto wa kupambana, sijaiona mahali pengine. Hakuwa na mizani, basi alitupima kwa tepu ya ushonaji, kifua, kisha mkono kutoka bega hadi ngumi, tepu ikiishia mdomoni mwake pamoja na pini. Vipimo visipofanana, hampigani. Uani hapo, mkono uliolingana na wangu ulikuwa mmoja tu. Wa mdogo wangu, aliyerefuka haraka kama mgomba wa karibu na bomba.

Basi ukaja mwezi wa Ramadhani, na fundi akatangaza kwamba Idi mosi watoto wataonyesha ngumi mbele ya wazazi. Baba alikuwa ametuma salamu kupitia dereva mwenzake kwamba Idi hiyo atakuwa nyumbani. Mdogo wangu alipojua hilo alianza kulala amekunja ngumi. Baba hakuwahi kutuona tukicheza hata siku moja. Na njia ya Baba kutuona ilikuwa hiyo tu, mimi kupambana na yeye.

Bibi aliposikia, alijifunga kanga yake ya pili, akaenda barazani kwa fundi. Sisi nyuma yake.

"Karibu kiti, mukecuru," fundi alimwambia, kwa heshima wanayopewa wanawake wazee wa kwetu.

"Sikuja kukaa. Nasikia unataka kuwagonganisha wajukuu zangu."

"Kuwafundisha tu, mukecuru."

"Na Kabili na Habili, walifundishwa na nani?"

"Wale tatizo lao hawakuwa na refa."

Cherehani zikanyamaza. Fundi mmoja alikohoa kikohozi cha uongo. Bibi alimtazama mpaka kikohozi kikapona, halafu akarudi kwa mwalimu wetu kwa sauti ya chini. Akamwambia huko nje watu wameanza kuulizana wewe ni nani, wewe ni wa kina nani. Jirani anampima jirani kwa macho. "Mwanangu, mimi nimebakiwa na nyumba tu. Sitaki ndani yake mtu ajifunze kumpiga anayelala naye mkeka mmoja."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja. Angeweza kumjibu kwa mzaha mwingine, wenzake walikuwa wanaungoja. Alisema, "Hilo siwezi kulibishia. Njoo kesho baada ya Alasiri uone kwa macho yako. Ukisema hapana, itakuwa hapana."

Kesho yake Bibi akaletewa kigoda uani. Fundi akatufunga glavu, tukaanza. Sasa mimi, pale Bibi ananitazama, nikalegeza ngumi. Nilimgusa mdogo wangu begani, nikamgusa kifuani, kama mtu anayejaribu embe kama limeiva. Yeye alinijia kwa nguvu zake zote, nami nikawa narudi nyuma tu. Nilifikiri namfurahisha Bibi. Tukaendelea hivyo kidogo, kisha mtoto yule akasimama, akashusha mikono. Akakaa chini kwenye tope akalia kilio cha kweli.

"Hanipigi," alisema. "Ananipangusa vumbi tu. Bibi, mwambie anipige."

Bibi alikuwa amejiandaa kuona damu, siyo hilo. Alimwinua, akamfuta tope, tukarudi nyumbani. Jioni tulifuturu, uji ukanywewa, tende zikaisha. Wakati wa kuosha vikombe ndipo aliposema, kama anaongea na maji, "Kumbe kuna huruma inauma kuliko ngumi."

Asubuhi akarudi barazani. Fundi naye usiku alikuwa amewaza, na kichekesho ni kwamba alikuwa amehamia upande wa Bibi. Alisema ndugu wakikutana, mmoja atadanganya kwa huruma, au mwingine atalipiza kinyongo cha nyumbani, na yote mawili siyo ngumi. Bora waachwe. Ikawa sasa Bibi ndiye anayetutetea. Walibishana hapo mpaka unga aliokanda wa chapati za futari ukakauka, na wa kwanza kupata njia alikuwa Bibi.

"Ya huruma, huyu mkubwa nitamkataza mimi," alisema. "Ya nyumbani, watoe kwanza. Wayamwage hapa yaishe, ndipo uwafunge glavu."

Fundi alifikiri, akacheka, akampa mkono. Tangu hapo ikawa sheria ya ule ua, hata kwa watoto wasio ndugu. Kabla ya kuvaa glavu, unamwaga.

Siku ya Idi mvua ilinyesha alfajiri, ua ukawa tope jekundu. Kichochoro kizima kilinuka pilau, karafuu ziliingia mpaka kwenye nguo. Baba alifika kutoka Gikondo alikoliacha lori, suruali imekunjwa, akasimama nyuma ya watu na kikombe cha chai. Fundi akatuita. Toeni ya nyumbani.

Mimi nilisema mdogo wangu huvuta blanketi, na huonja chai yangu akasingizia nzi. Watu wakacheka. Zamu yake ikafika. Akatazama juu, akamtazama Bibi, akasema kwa sauti ya mwadhini:

"Bibi huficha mnofu chini ya wali, upande wa huyu. Mimi huwa nauona."

Ule ua ulicheka, rafiki yangu. Baba chai ilimpalia. Bibi alijifunika mdomo kwa kanga, macho yake yakatafuta pa kwenda yasipate. Mwishowe akasema, "Haya. Kuanzia leo mnofu unakaa katikati. Wafunge glavu hao."

Tukapigana. Nilimpiga kweli, na kila ngumi iliyompata alitabasamu. Halafu akanidanganya kwa kushoto, nikafuata, na ya kulia ikanikaa puani. Machozi yakatoka yenyewe, nikanusa kanzu mpya. Fundi akanyanyua mkono wa mdogo wangu. Baba akapita katikati ya watu na viatu vyake vya tope, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa changu na mwingine juu ya kichwa cha mwenzangu, mikono mizito ya usukani, akaiacha hapo.

Miaka miwili baadaye yakaja yale mauaji unayoyajua, na mimi sina maneno yake. Sisi tulibaki hai. Fundi hatukumwona tena. Tuliuliza, na nchi nzima ilikuwa inauliza. Ule ua una nyumba ya matofali sasa, na vijana wanaopanga hapo hawajui kama kulikuwa na tope. Bibi aliondoka baadaye, kitandani kwake, amezungukwa na watu wake, na siku hizo kifo cha namna hiyo tulikihesabu kuwa zawadi.

Nashukuru. Sikusoma sana, ngumi sikufika nazo popote, ingawa bado naota nitafungua ua wangu na sheria ya kumwaga niiandike ukutani. Lakini katika mji ambao wakubwa walikuwa wanazidi kuwa wagumu kila siku, mimi niliona wawili wakibishana kwa ajili ya watoto, kila mmoja akakubali kwamba mwenzake kaona kitu. Wangapi walioona hilo wakiwa wadogo?

Mdogo wangu yuko Mwanza, naye ni dereva. Ananipigia simu akiwa amepaki njiani, tunaongea upuuzi, na mwisho lazima aniulize ile siku ya Idi ilikuwaje, kama sikumwachia ashinde. Namwambia kweli. Sikukuachia, ulinipiga. Nasikia malori yakipita upande wake, kisha ananiambia eti mtandao mbovu, nirudie.