Shati la Turki Lisilofuliwa

Selipher alikuwa amekata shauri kwamba hakuna mchezo wa kipuuzi kama besiboli. Mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa rungu, anazunguka uwanja mbio, kisha anarudi palepale alipotoka na kupigiwa makofi kana kwamba ameleta unga nyumbani.

Lakini nyumba aliyofanya kazi Riyadh iliusujudia mchezo huo. Turki, kifungua mimba wa madam, alichezea timu ya chuo chake, na tangu msimu uanze haikuwa imeshindwa hata mara moja. Madam alikuwa amesema likizo itatoka ligi ikiisha, kwani nani angewapikia wachezaji? Na huko Kakamega, Beverly, binti wa pekee wa Selipher, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane na nusu, miguu imevimba. Kila timu iliposhinda, safari ilisogea mbele. Sasa timu ilikuwa imefika nusu fainali. Wakishindwa, Selipher angeondoka wiki hiyohiyo.

Turki aliamini bahati imo ndani ya shati lake. Tangu ushindi wa kwanza hakuna aliyeruhusiwa kulifua. Mechi tisa! Shati lilinuka beberu, na mwenyewe eti anasomea uhandisi. Selipher aliona ni ujinga wa watoto wasiowahi kuteka maji. Hata hivyo, asubuhi ya mechi alilifua, akalisuuza mara mbili kwa sabuni ya maua, akijidanganya kwamba ni usafi tu.

Turki alilinusa, akaketi sakafuni akalia, mwanamume wa miaka ishirini na mmoja. Madam akaja mbio.

"Lilikuwa linanuka, madam," Selipher alisema.

"Wakishindwa leo, likizo mafi, hakuna. Mwaka mzima."

Basi aliyekuwa akiwaombea washindwe akajikuta uwanjani amekunja ngumi. Protus, dereva Mkenya wa nyumba ile, alimcheka.

"Mama Beverly, leo umeokoka besiboli?"

"Nyamaza wewe." Kisha, chini kwa chini, akimkazia Turki macho: "Kimbia, mjinga. Kimbia."

Akakimbia, wakashinda. Jioni hiyo Turki alitangaza kwamba bahati imehamia kwenye sabuni. Mama yake akaagiza chupa sita.

Wiki iliyofuata waliteremka Jeddah kwa fainali, Selipher akiwa na chupa mbili kwenye mkoba kama mganga. Beverly alikuwa amemwambia kwa simu kwamba uchungu unakuja na kuondoka. Timu ikashinda. Vijana wakalibusu kombe, kina mama wakapiga vigelegele, na madam akaanza kuwaalika wote karamu Riyadh, Ijumaa ijayo, Selipher atapika kabsa, ule wali wao wa nyama.

Selipher hakungoja wafike kwenye gari. Alimwendea baba Turki palepale, katikati ya wageni, kwa kuwa alijua mtu huyo huogopa aibu kuliko jua.

"Baba, madam alisema ligi ikiisha. Halas, imeisha. Mtoto wangu anajifungua."

Madam alitabasamu kwa meno tu. Baba akatoa simu, akabonyeza ruhusa yake ya kutoka nchini huku wazee wenzake wakimtazama, akasema, "Yalla, nenda."

Protus alimpeleka uwanja wa ndege. Pasipoti ilikuwa mkobani pamoja na zile chupa, lakini mzigo wake wote ulibaki Riyadh, na zawadi za mtoto pia. Njiani alimpigia Beverly, naye akauliza kwa sauti ya uchovu kama kijana wa madam alishinda.

"Achana na hao," Selipher alisema. "Maumivu yanakuja kila baada ya dakika ngapi?"