Mundu wa Mzee Fagio

Zamani mtu alipanda kile kilima kukata kitu cha kulisha nyumba yake. Siku hizi watu hukipanda wakapigwa picha, wakashuka.

Kilima chenyewe si cha kujivunia. Mtoto wa miaka minne hukimaliza bila kushikwa mkono. Njia inapinda mara mbili tu, na pande zote ni vichaka vifupi, vigumu kama waya, vyenye maua madogo ya zambarau. Kwa vijiti vya vichaka hivyo Mzee Fagio alifunga mafagio miaka hamsini na miwili. Yalifagia shule, hospitali na stesheni, mpaka yakaja ya plastiki, ambayo hulala nywele kabla mwezi haujaisha na kuhamisha vumbi kutoka pembe hii hadi ile. Nani wa kumweleza nani?

Wakata vijiti walikuwa na sheria moja. Katikati ya njia kuna jiwe bapa. Anayelikalia akiwa anapanda amekiri kwamba miguu imekwisha; hutoa mundu wake papo hapo, wala hapandi tena. Fagio mwenyewe ndiye aliyempokonya kaka yake mundu, siku kaka alipokaa kutoa mwiba.

"Ni mwiba tu, mdogo wangu!"

"Na kesho utasema ni upepo. Lete mundu, kaka."

Watu walicheka wakashika mbavu. Kaka alimalizia maisha yake mlangoni pa choo cha stesheni, akigawa karatasi. Kisa hicho Fagio aliwasimulia wanawe mezani mwaka nenda mwaka rudi, akicheka palepale kila mara.

Wanawe ni wawili: wa kiume fundi wa madirisha ya alumini, wa kike karani. Mama yao alipokufa, wakaanza kuitazama nyumba. Chumba cha mafagio kingetosha mashine ya kukatia alumini.

"Baba, kuna nyumba ya wazee, safi kabisa," alisema binti.

"Kwani mimi mzee wa nani?"

"Basi tupande kilima," alisema kijana. "Ukifika juu, nyumba ile hatuitaji tena. Ukikaa jiweni, sheria unaijua."

"Wewe unifundishe sheria? Mimi nimeipika, wewe umeila tu."

Asubuhi ya Jumapili wakapanda. Fagio alitangulia, mundu kiunoni. Nyuma yake binti alihema.

"Mwanangu, nikubebe?"

"Tembea, baba."

Kwenye kona ya pili akaviona vichaka vya pembeni mwa jiwe. Havikuguswa miaka mingi. Vijiti vimenyooka, virefu, vya kumtoa fundi machozi. Mkono ukaenda wenyewe. Akakata konzi moja, na mfunga mafagio hafungi akiwa amesimama: fungu hubanwa kwa magoti. Akakaa jiweni, akabana, akatoa waya mfukoni, akauzungusha mara tatu. Alipokaza fundo ndipo akasikia hatua za nyuma yake zimesimama.

"Umekaa, baba," alisema kijana.

"Nafunga! Sikuchoka. Nishike hapa, hata jasho sina."

"Baba mkubwa naye alikuwa anatoa mwiba tu."

Mkono wa kijana ulikuwa umeshanyooshwa. Fagio akamgeukia binti.

"Mpe, baba. Jua linanichoma."

Angeweza kukataa. Wasingeweza kumburuta. Lakini angekataa vipi, bila kusema kwamba alimwibia kaka yake? Akautoa mundu, mpini mbele, kama inavyotakiwa. Wanawe wakaenda mpaka juu wakapigana picha. Yeye akawangoja jiweni.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Jumamosi iliyofuata, langoni pa nyumba ya wazee. Binti hakushuka garini. Kijana aliweka begi chini. Fagio alikuwa ameushika ule ufagio mdogo alioufunga jiweni, na mhudumu akautazama kama anayeona panya.

"Takataka hatuingizi humu, mzee."

Kijana akauchukua mkononi mwa baba yake. Akafungua mlango wa gari, akafagia zulia la miguuni kwa dereva, polepole, mpaka kwenye pembe. Ulifagia vizuri. Haikubaki hata punje. Kisha akautupa mtaroni, akaingia, wakaondoka.