Kamera ya Mnadani

Jamani, leo nimejiona kwenye picha ambayo sikumbuki kupigwa!

Mnanijua mie na ugonjwa wangu wa kukusanya vikamera vinavyoundwa na mafundi saa. Asubuhi nimenunua kimoja mnadani, kwenye vitu vya Mzungu wa polisi anayerudi kwao. Kidogo, kinafichika kiganjani.

Kumbe filamu bado imo!

Nikakimbilia kwa mpiga picha wetu wa hapa Temeke, akaisafisha.

Tobaa! Ni kibarazani kwangu. Ni mie na wenzangu wa kahawa, tumeinamiana, tunanong'ona habari za uhuru.

Tumo wote, isipokuwa Shabani, naye hakosi kahawa yetu hata siku moja.

Hapa ninapowaandikia yuko mlangoni, anapiga hodi:

"Kaka, kahawa tayari? Wenzetu wanakuja wote leo?"

Nyie mngemjibuje?