Mpangaji Ndani ya Seli

Kabla ya kutetea kazi yake ya mwisho ya chuo kikuu, binti yangu alifanya mazoezi mbele yangu, kwenye meza yangu ya vitenge, sokoni Mapendo.

"Mama, kuna virusi vikubwa. Vikubwa kiasi kwamba wa kwanza kuviona walidhani ni bakteria. Vinaingia ndani ya kiumbe cha seli moja, vinajijengea chumba, vinafanya kazi humo."

"Bila ruhusa ya mwenye nyumba?"

"Bila ruhusa. Na kiini kilicho ndani ya seli zetu, kinachotunza urithi, kilitokana na virusi kama hivyo. Mupangaji alikaa mpaka akashika funguo."

Wapangaji wa aina hiyo nawajua. Lakini bei ya kwanza siikubali, hata ya nyanya.

"Nani aliona?"

"Hakuna. Ni zamani mno."

"Basi punguza, mutoto wangu."

Akanuna. Akipunguza, alisema, walimu wataona hakuna alichosomea.

Siku yenyewe tulijaa ukumbini, mashangazi zake kutoka Butembo wakiwa na makopo ya poda mikobani, maana huku anayefaulu humwagiwa poda mpaka awe mweupe kama muhogo uliomenywa. Walimu wa kumhoji walikuwa wanne. Nikahesabu tena. Bado wanne, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu mzee akavua miwani. "Unadai kiini kilitoka kwa virusi. Ndiyo ao hapana?"

Binti akanitupia jicho.

"Sidai, Papa Profesa. Chumba cha virusi kinafanana na kiini, lakini kufanana si undugu. Ni wazo. Kuna wanaolikubali na wanaolikataa. Mimi nimeonyesha tu kwa nini linastahili kuchunguzwa."

Mzee akakusanya karatasi zake. Shangazi mkubwa akadhani mambo yamekwisha. Vigelegele! Poda ikaruka, ikampata binti, ikampata na mzee begani.

"Shangazi! Hawajanipa pointi!"

Tukatolewa nje tusubiri. Nilitaka kumpangusa, akakataa.

"Wacha, mama. Nikifaulu, niko tayari."

"Na usipofaulu?"

"Nitaoga."

Alicheka, lakini mkono wangu hakuuachia.

Mlango ukafunguliwa. Mzee, bega bado jeupe, akasoma: amefaulu, tena vizuri sana. Akaongeza kwamba walimu wangeshukuru kama sherehe ingeendelea uani.

Makopo yalikuwa matupu. Tukamkumbatia hivyo hivyo, mmoja mmoja, na kila aliyemwachia aliondoka na poda yake.